Picha za Pwani na Macho ya Kuazima

Utangulizi

Taifa hujitambua kwa lugha yake, kwa ngoma zake na kwa masimulizi yake. Na katika zama hizi hujitambua pia kwa picha zake. Mtoto wa Sumbawanga ambaye hajapata kuiona Bahari ya Hindi huijua kwa picha iliyomo katika kitabu chake cha shule, au katika kalenda iliyotundikwa ukutani nyumbani kwao. Picha hiyo ndiyo bahari yake. Ikiwa inamdanganya, basi amedanganywa juu ya sehemu ya nchi yake mwenyewe, wala hana njia ya kutambua kwamba amedanganywa.

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo: namna wapiga picha wetu wanavyotunga picha za mandhari ya pwani wakati maji yamekupwa. Wapo watakaosema kuwa hilo ni suala la mafundi wa kamera, lisilostahili nafasi katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Hatukubaliani nao. Kutunga picha ni kuchagua: nini kiingie na nini kibaki nje, nini kiwe kikubwa na nini kiwe kidogo, saa ipi ingojewe na saa ipi iachwe ipite. Panapo uchaguzi pana msimamo. Na panapo msimamo pana swali la nani anayenufaika nao. Tunakusudia kuonyesha kwamba kanuni zinazofuatwa sasa katika picha hizi zimeazimwa kutoka pwani nyingine, kwamba zikifuatwa kwetu bila kufikiri humfuta mfanyakazi mahali pake pa kazi, na kwamba elimu iliyomo katika lugha yetu na katika kazi za watu wetu yatosha kutupatia kanuni zilizo bora zaidi.

Picha tunayoijua sote

Picha yenyewe kila msomaji amekwisha kuiona. Mchanga mweupe umelala hadi mbali. Mnazi mmoja umeinama kutoka upande wa kushoto. Dimbwi lililoachwa na bahari linaakisi mawingu ya alfajiri. Ngalawa moja imeegemea ubavu, haina mwenyewe. Upeo wa macho umenyooka katika theluthi ya juu ya picha. Katika mchanga wote huo hamna hata unyayo mmoja wa binadamu.

Nyingi ya picha hizo hupigwa mashariki ya kisiwa cha Unguja, katika vijiji kama Paje, Bwejuu na Jambiani. Huko, kati ya ufuko na mwamba wa nje, kuna uwanda mpana wa maji ya kina kifupi. Na siku za bamvua maji yakipwa, mtu aweza kutembea zaidi ya kilometa moja kabla ya kuyafikia mawimbi. Wenye kuvijua vijiji hivyo wanajua pia kwamba saa hiyo uwandani huwa na watu wengi, pengine kuliko barabarani. Je, katika picha watu hao wamekwenda wapi?

Hawakwenda popote. Wameondolewa, na wameondolewa kwa njia nne. Njia ya kwanza ni saa: mpiga picha hufika wakati ambapo wenye kazi hawajafika, jambo tutakalolieleza kwa kirefu hapa chini. Ya pili ni kimo: kamera huwekwa chini kabisa, karibu na mchanga, hata dimbwi dogo likajaza nusu ya picha, na uwanda wote ulio nyuma yake ukabanwa kuwa uzi mwembamba. Ya tatu ni upande: lenzi hugeuzwa mbali na vigingi, nyavu na makumbi, ikaelekezwa pale palipo "safi". Ya nne imeletwa na simu za mkononi za siku hizi: mtu aliyeingia katika picha hufutwa kwa ncha ya kidole, na mashine ikajaza mchanga wa kubuni pale aliposimama. Katika njia hizo nne, hii ya mwisho ndiyo inayolaumiwa zaidi. Lakini hiyo ni mtoto tu wa zile tatu zilizotangulia. Aliyekwisha kuzoea kumwona mama wa mwani kuwa ni doa hataona vibaya kulifuta doa hilo.

Tuiulize lugha yetu

Kabla ya kwenda mbali, tuiulize lugha yetu inasemaje. Neno pwani lina shina moja na kitenzi kupwa. Pwani ni mahali maji yanapokupwa. Kutokana na shina hilohilo tunapata kipwa, yaani mwamba au fungu linalojitokeza maji yakiondoka. Na chombo kilichoachwa juu ya mchanga bila maji husemwa kuwa kimepwelewa. Tuna bamvua kwa siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, na tuna maji mafu kwa siku ambazo hujaa kidogo na kupwa kidogo. Na wazee wetu, walipotaka kumwonya mwenye cheo au mwenye mali asijivune, walikwenda kuchukua mfano wao hukohuko: maji yakijaa hupwa.

Basi waliounda lugha hii hawakuiita nchi ya kando ya bahari kwa weupe wa mchanga wake wala kwa kivuli cha minazi yake. Waliiita kwa mwendo wa maji, tena kwa upande ule wa mwendo unaoifunua ardhi na kuiacha wazi ifanyiwe kazi. Hii ni falsafa nzima ya mandhari iliyofumbatwa katika neno moja. Kwayo, maji yaliyokupwa ndiyo hali inayoipa pwani jina, na mpiga picha anayeiona saa ya kupwa kuwa ni upungufu unaopaswa kufichwa kwa dimbwi zuri amekwisha kuikosa pwani kabla hajaifungua kamera.

Saa ya picha na saa ya kazi

Sasa tuje kwenye suala la saa, kwani hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Vitabu vya ufundi wa picha vinavyotufikia kutoka Ulaya na Marekani vinafundisha kanuni moja kwa msisitizo mkubwa: picha za mandhari zipigwe jua linapochomoza au linapotua, kwa sababu mwanga wa wakati huo ni laini, una rangi ya dhahabu, na vivuli vyake virefu huyafanya mawimbi ya mchanga yaonekane vema. Kama kanuni ya mwanga, haina kosa. Tatizo ni kwamba walioitunga hawakuitunga kwa kuitazama kalenda ya maji ya Unguja.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja ya mwezi, nayo ina muda wa saa 24 na dakika kama 50. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mvuto wake huungana na ule wa jua, tukapata bamvua. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapo Unguja hukaribia meta nne. Katikati ya vipindi hivyo viwili ndipo huja maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi kiasi cha meta moja tu.

Kila mvuvi wa pwani hiyo analijua jambo linalofuata, ingawa vitabu vya picha havilitaji: siku za bamvua bahari hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku ambazo maji hupwa sambamba na macheo ni zile zilizo karibu na maji mafu, na siku hizo bahari haiendi mbali, uwanda haufunuki, na kazi nyingi za uwandani hazifanyiki.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe matokeo yake. Mpiga picha mtiifu wa kitabu huamka alfajiri, akapiga picha zake, na saa mbili asubuhi akaifunga kamera yake kwa sababu mwanga "umeharibika". Saa mbili hiyohiyo, kama ni siku za bamvua, akina mama ndio kwanza wanateremka ufukweni na kamba zao na magunia yao, wakiyafuata maji yanayoondoka. Saa nne, wakati uwanda umefunuka wote na kazi imepamba moto, mpiga picha yuko kivulini anachagua picha za mchanga mtupu. Hakuwafukuza watu wale, wala pengine hakukusudia kuwaacha. Kanuni aliyoiazima imemfanyia kazi hiyo kimyakimya. Hivyo ndivyo kasumba inavyofanya kazi: haimwamuru mtu adharau chake, humfundisha tu saa ya kutokuwapo.

Kilichomo katika uwanda

Na hicho asichokiona ni nini? Ni shamba, ni karakana, ni ghala la chakula na ni darasa.

Ni shamba, kwa kuwa tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kimekuwa kikiendeshwa katika pwani hiyo, kikianzia Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Vigingi huchomekwa mchangani, kamba hufungwa kati ya kigingi na kigingi, na vipande vya mwani hufungwa katika kamba hizo kimoja kimoja. Baada ya wiki sita hivi huvunwa, vikaanikwa na kuuzwa. Utomvu wake huwasaidia wenye viwanda vya nje kugandisha vyakula, dawa za meno na vipodozi. Wakulima walio wengi ni wanawake. Na shamba hilo sasa lina msiba wake: aina ya mwani yenye bei bora zaidi imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya kuzidi kwa joto la maji, na wakulima wanalazimika kuifuata kwenye kina kikubwa zaidi, ambako kazi ni ngumu na hatari kwa asiyejua kuogelea. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kusomwa katika picha ya dimbwi na mawingu.

Ni karakana, kwa kuwa katika mchanga na tope la ufukweni ndimo makumbi ya nazi hufukiwa na kuachwa miezi mingi, hata yakaoza na kutoa usumba wa kusokotea kamba. Yale mawe ambayo mpiga picha huyaona kama mapambo ya asili yaliyotawanyika mchangani, mara nyingine yamepangwa na mikono ya watu juu ya makumbi yao, na kila lundo lina mwenyewe. Ni katika saa hiyo pia ambapo ngalawa na mashua zilizopwelewa hukwanguliwa na kukalafatiwa, kwa kuwa maji yakirudi hakuna nafasi tena.

Ni ghala la chakula, kwa kuwa kando ya mwamba pweza huchokolewa katika mashimo yake, na kwenye mchanga na nyasi za bahari huokotwa chaza, kome na aina nyingine za kombe zinazokwenda jikoni jioni hiyohiyo. Na ni darasa, kwa kuwa mtoto anayemfuata mama yake uwandani anajifunza umri wa mwezi, majina ya mafungu na mikondo, na saa ya kurudi, bila kuandikiwa ubaoni.

Historia ya mchanga mtupu

Huenda msomaji akadhani kwamba picha ya pwani tupu ni kitu cha asili, kwamba kamera ikiachwa peke yake ndiyo hivyo inavyoona. La hasha! Nayo ina historia. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipata sifa kubwa kwa picha za bahari. Kemikali za wakati ule hazikuweza kunasa mawingu na mawimbi kwa pamoja kwa usawa, kwa hiyo baadhi ya picha zake alizitengeneza kwa kuunganisha picha mbili, moja ya bahari na moja ya mbingu. Hatumlaumu, alikuwa fundi hodari. Tunachosema ni kwamba picha ya bahari iliyo safi na timilifu ilikuwa kitu cha kutengenezwa tangu utoto wa sanaa hiyo, na anayeipokea kama ukweli mtupu amepokea ufundi bila kujua.

Wala hatusemi kwamba wageni wote waliipiga picha nchi bila watu. Mwaka 1886 Peter Henry Emerson wa Uingereza, pamoja na mchoraji T. F. Goodall, walitoa kitabu cha picha za maeneo ya maji ya Norfolk, na ndani yake wakata matete, wavuvi na wapiga makasia wamo katikati ya mandhari yao, wakiwa kazini. Kwa hiyo hata huko Ulaya njia zilikuwa zaidi ya moja. Swali ni kwa nini sisi tuliazima ile isiyo na watu.

Jibu limo katika historia ya ardhi na ya biashara. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri iliyoifanya ardhi ya koloni lake la Afrika Mashariki, isipokuwa ile ambayo umiliki wake ungeweza kuthibitishwa, kuwa haina mwenyewe na hivyo kuwa mali ya dola. Kuiona ardhi kuwa tupu kulikuwa hatua ya kwanza ya kuichukua. Baadaye zilikuja postikadi, zilizouzwa na studio kama ile ya A. C. Gomes huko Unguja. Na katika postikadi nyingi za ukoloni, wenyeji walipotokea walitokea kama vielelezo, chini yao pameandikwa kabila au kazi, pasipo jina. Ulipokuja utalii wa mahoteli, hata vielelezo vikaonekana vinaziba mandhari. Mtu alianza kwa kunyang'anywa jina, akamalizia kwa kunyang'anywa nafasi.

Hapo ndipo penye hatari ya kweli, na ndiyo sababu hatuwezi kuliita jambo hili suala la ufundi tu. Katika ufuko mmoja leo wanakutana mkulima wa mwani anayetaka vigingi vyake visimame na mgeni anayetaka kuogelea pasipo vigingi. Mvutano huo upo, nao unahitaji busara na haki. Lakini panapotokea shauri la nani ana desturi ya kupita wapi na kufanya kazi wapi, picha elfu za mchanga mtupu ni ushahidi wa uongo uliokwisha kutolewa kabla shauri halijaanza. Atakayetoka mbali kuja kuamua, atakuja na picha hizo kichwani. Ataona vigingi, na atauliza ni nani aliyekuja kuuharibu ufuko.

Hoja za wapinzani

Wapo wasemao kwamba sanaa ni uzuri, na kwamba mchanga mtupu ni mzuri. Kwamba ni mzuri, tunakubali. Hatudai kila picha iwe na mtu, wala hatutaki kuipiga marufuku picha ya alfajiri. Tunadai kwamba uzuri usigeuzwe kuwa kisingizio cha kutotazama. Mistari ya vigingi inayokimbilia mwambani, kanga nyekundu katikati ya maji ya kijani, mgongo uliojikunja na kivuli chake juu ya mchanga ulioloa: hivi navyo ni vizuri, tena ni vigumu zaidi kuvitunga, kwa kuwa vinatembea.

Wengine husema kwamba picha hizo huleta watalii, na watalii huleta fedha. Fedha hizo tunazihitaji. Lakini mgeni aliyeahidiwa pwani isiyo na watu akakuta pwani yenye watu atalalamika kwamba amepunjwa, na lawama itamwangukia mkulima. Ni afadhali kumwambia mgeni ukweli tangu mwanzo, aje akijua kwamba anakwenda kwa watu.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo tunaipokea kwa heshima. Wapo wasemao kwamba kumpiga picha mwanamke aliye kazini, nguo zimeloa na mgongo umeinama, ni kumvunjia heshima, na kwamba ni bora asiwemo kuliko awemo kama kichekesho cha wapita njia. Ni kweli kwamba kuna kosa la pili, lililo pacha wa lile la kwanza: kumfanya mfanyakazi kuwa pambo. Mvuvi hugeuzwa kivuli cheusi mbele ya machweo, hana uso, hana jina. Siku hizi kamera zinazorushwa angani kwa ndege ndogo zisizo na rubani huyafanya mashamba ya mwani yaonekane kama marembo ya mkeka, na mkulima kuwa nukta. Lakini dawa ya kosa hilo si kumfuta mtu. Dawa yake tunayo katika desturi yetu. Haingiliwi nyumba ya mtu bila kupiga hodi, na mahali pa kazi pana hodi yake. Anayetaka kupiga picha na atoe salamu, aseme anatoka wapi na picha itakwenda wapi, akubali kujibiwa hapana, na akijibiwa karibu basi apokee nafasi atakayopewa. Utaratibu huo haupunguzi usanii. Mtu aliyekubali kupigwa picha hutazama kamera kama mwenyeji anavyomtazama mgeni, na mtazamo huo haupatikani kwa kuibia.

Kanuni tunazozipendekeza

Kulaumu bila kujenga hakumsaidii mwalimu aliye mbele ya wanafunzi arobaini wenye kamera moja, au pengine simu tatu. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo, tukianza na lile lililo la msingi kuliko yote.

Kwanza, mwezi utangulie kamera. Wanafunzi wahesabu umri wa mwezi, wamuulize mzee au mama anayekwenda baharini, ndipo wapange siku. Wasubiri bamvua, nao wafike kabla ya saa nne. Pia wajue saa ya kurudi: maji hayarudi kwa mwendo mmoja, bali huanza polepole, na huenda kasi zaidi katika saa ya tatu na ya nne tangu yalipoanza kujaa. Katika uwanda ulio bapa, mkondo nyuma yako waweza kujaa wakati wewe unatazama mbele. Mwalimu awatoe wanafunzi wake mapema, na asiwaruhusu kukanyaga mwani wa watu.

Pili, upeo wa macho uwekwe kwa sababu, wala usiwekwe kwa mazoea. Maji yakiwa yamekupwa, habari iko chini; basi upeo upande juu, karibu na ukingo wa picha, ili uwanda upate nafasi ya kusema. Mawingu ya masika yakiwa ndiyo habari, upeo ushuke. Kwa vyovyote uwe sawasawa, maana bahari iliyoinama upande humwaga picha nzima.

Tatu, mpiga picha asimame. Kamera iliyo chini huyafanya mashamba yafichane, la mbele likaziba la nyuma. Kimo cha mtu aliyesimama, au aliyepanda juu ya jiwe, huyatenganisha, na mtazamaji akaona mipaka, njia na vipimo. Mtu mmoja aliye mbali, akiwa mdogo kama punje lakini akiwa dhahiri, huonyesha ukubwa wa uwanda kuliko kilometa zilizoandikwa.

Nne, mwanga wa saa nne usikimbiwe, ujifunzwe. Jua limekwisha kupanda, vivuli ni vifupi, na uso uliofunikwa na mtandio huwa mweusi. Lakini mchanga mweupe huirudisha nuru kutoka chini hadi usoni, na aliyeinama juu ya kazi yake hupata nuru hiyo. Kipimo cha nuru cha kamera hudanganywa na mweupe wa mchanga, kikadhani kuna mwanga kupita kiasi, kikaitia picha giza. Basi mpiga picha apime nuru ya uso, si ya mchanga. Rangi za kanga, ambazo alfajiri huwa bado zimelala, saa hiyo huwa wazi zote.

Tano, mistari impeleke mtazamaji kwa mtu. Vitabu vinasema kwamba mstari unaoanzia mbele ya picha huliongoza jicho ndani. Ni kweli, lakini humwongoza aende wapi? Safu ya vigingi, alama za nyayo na kamba iliyonyooka vyote vilitengenezwa na mtu kwa ajili ya kazi. Mwishoni mwa mstari na awepo aliyeutengeneza.

Sita, picha moja haitoshi. Mahali pamoja papigwe picha wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, mwaka huu na mwaka ujao. Shule iliyo kando ya bahari ikifanya hivyo kwa miaka kumi itakuwa na kumbukumbu ya ufuko unaoliwa na mawimbi, ya mikoko inayopungua au kuongezeka, na ya mashamba yanayohama kufuata kina. Kumbukumbu ambayo hakuna kalenda itakayoweza kuiuzia.

Saba, picha iandikwe. Jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja, tarehe, umri wa mwezi, kazi inayofanyika, na jina la anayeifanya ikiwa mwenyewe ameridhia. Mstari huo mmoja wa maandishi unamrudishia mtu kile ambacho postikadi ilimnyang'anya.

Hitimisho

Mwaka 1962, Rais Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba katika maovu yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutufanya tuamini kwamba hatuna utamaduni wetu wenyewe. Ngoma tumezirudia, lugha tumeikuza, hadithi tumezikusanya. Macho bado. Tunaendelea kuitazama nchi yetu kwa namna ambayo mpita njia angependa kuiona, kisha tunaiweka picha hiyo katika vitabu vya watoto wetu na kuwaambia: hii ndiyo pwani.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na hakuna lawama katika hilo; lawama ni ya yule anayewamba ngoma akaivutia kwa jirani. Walimu wa sanaa, wa jiografia na wa Kiswahili wanaweza kulianza jambo hili pamoja, bila kungoja kamera za gharama. Kinachohitajika ni kalenda ya mwezi, salamu, na uvumilivu wa kukaa uwandani hadi saa nne. Wanafunzi wa bara, ambao bahari iko mbali nao, wanalo la kufanya pia: wachukue kila picha ya pwani watakayoipata katika vitabu na kalenda zao, na waiulize maswali matatu. Maji yalikuwa wapi? Ilikuwa saa ngapi? Na waliokuwa wakifanya kazi hapo, wamewekwa upande gani wa ukingo wa picha?

Picha itakayoshindwa kuyajibu maswali hayo, hata iwe nzuri namna gani, isipewe nafasi ya kumfundisha mtoto nchi yake.